Nikague Mgongo

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

"Mitumba ni nguo za marehemu. Mtu anayejiheshimu havai mabaki ya maiti."

Ndivyo alivyosema mume wako, na wewe ukayanakili maneno yake kwenye barua yako ya Januari bila hata kuyapiga pasi. Salamu utazipata, subiri. Kwanza nimalizane na shemeji.

Mwulize: nyumba mnayopanga, kabla yenu alikaa nani? Kitanda cha hospitali alikozaliwa, mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukilalia? Hata maneno anayonitukania aliyakuta yamekwisha kutumiwa na watu maelfu, wengi wao wako makaburini, na bado yanamkaa vizuri mdomoni. Marehemu! Nimefungua marobota nusu ya umri wangu, na ninachokutana nacho ni watu walionenepa, watu waliochoshwa na rangi, na watu walionunua kwa pupa wasivae hata mara moja. Hao ni wazima kabisa. Wamekosa akili tu.

Na hiyo nguo mpya anayojivunia, nani aliyeichagua? Mwenye duka amekwisha kukupangia: shati hili, na suruali hii, na mkanda huu, viko pamoja kwenye sanamu dirishani. Unavaa mawazo ya mtu mwingine kuanzia kola hadi pindo, halafu unaniambia mimi ndiye ninayevaa mabaki.

Haya, nimemaliza. Hujambo? Baridi imelegea? Kifua chako je? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri. Kibanda ni kile kile, katikati ya fundi viatu na muuza ndoo. Bi Kimya, sanamu yetu ya kuvika nguo, naye yupo, bado hana kichwa, na ndiye peke yake mtaa huu mzima asiyenibishia. Leo nimemvika suruali ya kiume ya kijivu niliyoibana kiuno, shati la mistari lililokuwa la mtu mnene nikalifunga fundo ubavuni, na mkanda mwekundu. Sheria yetu ile ile: kimoja kiseme, viwili visikilize. Mwanamke mmoja amesimama, amemzunguka, akanunua vyote bila kuuliza kimoja kimoja. Nikabaki na Bi Kimya uchi, nikamfunika gazeti.

Unajua ninachokikosa? Asubuhi. Kioo chetu kilikuwa kile cha kiganja, hakijawahi kutuonyesha nyuma. Kwa hiyo mmoja aligeuka mlangoni, akasema "nikague mgongo," na mwingine akanyoosha kola, akatoa uzi, akavuta pindo. Ni mara ngapi nilikurudisha ndani kwa soksi moja nyeusi na nyingine ya buluu? Ulilia, lakini ulirudi. Tangu uondoke natoka tu hivi hivi. Juzi nimeshinda sokoni na kibanio cha kamba ya nguo kimening'inia mgongoni, na hakuna aliyeniambia.

Koti la rangi ya damu ya mzee, lile uliloondoka nalo, liko wapi? Sketi yake ninayo. Naitoa, naipiga pasi, naitundika. Siivai. Itavaliwaje nusu?

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na Bi Kimya amepata nguo. Sisi hatujambo. Kifua kilinisumbua mwezi wa tatu, sasa nafuu.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni. Shemeji yako alikuwa anapiga viatu rangi, kama kawaida yake barua zako zinapofika. Hajawahi kusema "nisomee," lakini viatu vyake huwa vichafu ghafla. Nilipofika pale pa waliokosa akili, brashi ilisimama. Nikadhani atakasirika. Akasema, "Dada yako angekuwa wakili, majambazi wote wangekuwa mitaani." Halafu akaendelea kupiga rangi kiatu kile kile mpaka kikawa kioo.

Lakini dada, hajasahau. Na wewe hujasahau, unajifanya tu. Siku ya harusi yetu, mbele ya watu wote, ulimshika mkono kama unampongeza, ukatoa mkasi kwenye pochi, ukamkata lebo ya mkono wa koti. Ukasema, "Hii hutolewa, bwana harusi, si beji ya shule." Watu walicheka mpaka mpiga picha akashindwa kazi. Miaka sita sasa. Kila nikisema twende nyumbani, hakatai, ila mkono wake mmoja unashika kifundo cha ule mwingine, pale pale lebo ilipokuwa. Basi nanyamaza. Mwombe radhi, dada. Neno moja tu.

Koti lipo. Liko kwenye boksi juu ya kabati, limezungushiwa mfuko. Hapa navaa sare ya kliniki ya meno, nyeupe juu na chini, na siku nyingine navaa alichoninunulia yeye. Ni nguo nzuri, sisemi uongo. Lakini nikifika mlangoni, kabla sijashika kitasa, bado nageuka. Halafu nakumbuka hakuna mtu, najifanya nilikuwa natafuta funguo.

Nina habari. Mwezi wa saba nitafanyiwa usaili wa kazi ya msimamizi pale kliniki. Nimemwambia shemeji yako kwamba siku hiyo nataka kuvaa kitu ulichonipangia wewe. Alimaliza kupiga rangi kiatu kizima. Kisha akasema, "Sawa. Siku moja." Dada, kwake hilo ni jambo kubwa. Nipangie.

Halafu, mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapandana. Unaandikia gizani? Nitumie ujumbe kwa simu kama kalamu inakuchosha.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu tele, na pole kwa kifua. Weka shingo joto. Hilo halihitaji usaili.

Siombi radhi. Lebo ya mkono wa koti huwekwa ili muuzaji aione kwenye kitundikio, na mvaaji huitoa kabla ya kutoka nyumbani. Niliona mtu wa familia yangu ana kasoro, nikaiondoa. Ningekuona wewe una uzi ningeutoa. Kama kuna ukumbi mzima uliocheka, basi radhi mkaidai kwa ukumbi.

Simu sitaki. Maandishi yake ni madogo kama chawa, na kioo chake kinang'aa machoni. Wala usinitumie picha humo.

Sasa kazi. Mzigo nimempa muuguzi mmoja anayerudi huko. Nimeutafuta wiki tatu, na nilianza na bega, kama nilivyokufundisha. Kiuno hubanwa, urefu hukatwa, lakini bega likikukataa huna la kufanya ila kuliacha. Koti jeusi la sufu nyepesi, lina bitana nzima, limekaa kama lilikatwa juu yako. Sketi nyeusi imetoka robota jingine kabisa, ila ukivaa vyote viwili utaapa ni pacha. Nilivilinganisha kwa kidole kwanza, maana vitambaa vyenye uzito tofauti hugombana hata vikiwa na rangi moja. Blauzi nyeupe yenye kola ndogo. Vifungo vya koti nimevibadilisha, nimeweka vinne vya kahawia vinavyofanana. Vile vya zamani vilikuwa vya dhahabu ya uongo, vinapiga kelele. Kinachosema hapo ni wewe. Nguo zote zisikilize.

Nikuchekeshe kidogo. Kuna karani wa mahakama, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa kujinyoosha. Nilimuuzia suti nyeusi. Kesho yake asubuhi karudi mbio, jasho linamtoka. "Mama, koti ni jeusi, suruali ni buluu! Hakimu ameniuliza kama nimevaa na mwenzangu nusu nusu!" Nikamwambia, "Ndio mtindo wa mwaka huu." Akasema, "Mtindo gani?" Nikasema, "Wa watu wanaosoma." Akaondoka ameridhika nusu. Tatizo ni bati jipya walilonifunika nalo juu, kibanda kimekuwa pango. Nimewaandikia wasimamizi wa soko barua kali ya kurasa nne. Hawajajibu, bila shaka wanatafuta kamusi.

Ukishavaa, geuka mlangoni. Mimi huku nitakuwa nakukagua.

Dada yako


Tarehe 11 Julai

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Mzigo ulifika usiku wa kuamkia usaili.

Nilitaka kuufungua mbele yake. Nilimkalisha kabisa kwenye kiti, nikasema, "Sasa utaona." Nikavaa, nikatoka chumbani. Akanitazama juu mpaka chini, na uso wake ukakunjamana. Akasema, "Huyu ananikata lebo mara ya pili."

Koti ni jeusi, dada, lakini sketi ni ya buluu. Blauzi ni ya njano, njano ya maji ya limau. Vifungo vitatu vya kahawia na kimoja cha kijani. Ulituchekesha na karani wako, na kumbe na sisi umetupanga kwenye foleni hiyo hiyo. Alikuwa amekubali siku moja. Siku moja tu nilikuombea kwake, na wewe ukaigeuza mchezo.

Nilikwenda kwenye usaili na nguo za dukani. Kazi nimepata. Sikuifurahia.

Mdogo wako


Tarehe 2 Agosti

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo, na usikasirike, soma mpaka mwisho. Kama unaweza kusoma. Ndilo ninalotaka kuuliza.

Jumapili asubuhi shemeji yako alitoa kwenye mfuko lile koti jeusi ulilonitumia. Nilidhani anataka kulitupa. Akalipeleka dirishani, kwenye jua, akaligeuza ndani nje. Alikaa nalo muda mrefu. Kisha akaniita, "Njoo uone vifungo." Nikasema nimeshaviona. Akasema, "Rangi umeiona. Ona mshono."

Kila kifungo kimeshonwa kwa shina la uzi lililozungushwa, limefungwa nyuma kwa kifungo kidogo cha kukilinda kitambaa. Pindo la sketi limeshonwa kwa mkono, mshono hauonekani hata ukiutafuta. Ila uzi ni wa zambarau. Shemeji yako akasema, "Mtu anayekutania hafanyi kazi ya namna hii. Dada yako haoni."

Nikakaa chini. Ni wewe, dada, uliyenirudisha ndani kwa ajili ya soksi! Mwandiko mkubwa, simu yenye maandishi kama chawa, bati la kibanda, karani na suruali yake. Vyote hivyo nilivisoma mimi, na aliyeelewa ni yeye. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho. Anasema naye alianza hivyo, anachanganya buluu na nyeusi, nyeupe inakuwa njano, na kila siku analaumu taa.

Ndipo akaniambia jambo ambalo miaka sita hajaniambia. Alipokuwa shuleni alivaa nguo za kugawiwa. Siku moja mtoto wa darasa lake alilitambua shati lake la zamani, akamvutia kola mbele ya wote, akasoma jina lake mwenyewe lililoandikwa ndani kwa wino. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Marehemu, eti anavaa nguo za maiti. Suti ya harusi ilikuwa nguo mpya ya kwanza maishani mwake. Lebo hakuisahau, dada. Aliiacha. Alitaka watu waione.

Nenda hospitali. Ni jambo la kutibika, mama yake alitibiwa akaona. Najua utasema huna shida. Nijibu, hata kwa neno moja, hata kwa mstari uliopinda.

Mdogo wako anayekupenda


Tarehe 19 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Simu inaita mpaka inakata. Sijui kama barua yangu imelala mahali haijasomwa, au imesomwa ukanyamaza kwa hasira.

Sketi ya buluu naivaa wakati wa kwenda kazini na kurudi. Watu wananiuliza nimeinunua wapi. Nawaambia haiuzwi.

Likizo yangu ni Desemba. Ya shemeji yako pia. Nikimwuliza kama tutakwenda, anashika kifundo cha mkono.

Andika. Ukiwa umekasirika, andika kwa hasira, barua zako za hasira ndizo nzuri kuliko zote.

Mdogo wako


Tarehe 12 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kama mchanga. Nasikia baridi imerudi huko, kifua chako?

Naandika kwa kalamu nene, kurasa nyingi, maneno machache kila ukurasa. Usinihesabie mistari iliyopinda. Barua zako tatu zilikaa kwenye kopo la vifungo bila kusomwa. Nilizishika. Nilijua ni zako kwa karatasi. Sikutaka kumpa mtu anisomee, kwa sababu mtu akinisomea atajua, na soko zima litajua, na nani atanunua nguo zilizopangwa na kipofu?

Wiki iliyopita nilimvika Bi Kimya kwa vidole tu: kitani juu, pamba nzito chini, mkanda wa ngozi. Nikajipongeza. Wasichana wawili wakapita wakicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwuliza fundi viatu, "Nimemvika nini?" Akasita. Ni mtu mwenye huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko vile vicheko. Akasema, "Waridi, chungwa na kijani, vyote vinasema."

Hapo nikampelekea karani wa mahakama barua zako. Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa na haki ya kunicheka. Alizisoma amesimama, kwa sauti ile ya kuitia mashahidi. Alipofika kwenye Marehemu, alivua miwani akaipangusa. Hakucheka. Alichosema ni, "Basi ile suruali haikuwa mtindo." Nikamwambia, "Nyamaza, soma." Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali.

Daktari ni binti mdogo aliyevaa koti lenye mikono mirefu kuliko yake. Nikamwambia aanze na bega. Akasema yeye ataanza na jicho. Watalipasua la kulia Desemba tarehe tisa, na kesho yake watafungua bandeji. Anasema ni jambo la kawaida. Kwake ni la kawaida. Jicho ni langu. Nimebishana na watu maisha yangu yote na sijawahi kuogopa, lakini hili naliogopa. Naogopa kufunguliwa macho nikaona ukuta.

Sasa mpe shemeji karatasi hii, au soma kwa sauti, maana najua yuko hapo jikoni na kiatu mkononi.

Shemeji, weka brashi chini. Bado nasema mitumba si nguo za marehemu, na siku utakapokaa mbele yangu nitakushinda hoja mpaka maji uyaite mma. Lakini mtoto yule aliyesoma jina lake kwenye kola yako, ningekuwapo, nisingemkata lebo. Ningemkata ulimi. Na mimi nilifanya kama yeye, mbele ya ukumbi, nikiwa na mkasi. Ningejua ni nguo yako mpya ya kwanza, ningeiacha pale mpaka mtu wa mwisho aisome. Uliona kazi yangu kwenye mshono, wakati mwenye damu yangu aliona rangi tu. Basi ninayo lebo yako. Iko kwenye kopo la vifungo tangu siku ile. Njoo na koti lako. Jicho likifunguliwa, nitaishona pale pale ilipokuwa, kwa uzi ambao hata wa barabarani atauona.

Nawadai hivi, ninyi wawili, na sitaki jibu la barua. Kateni tiketi. Mdogo wangu, teremsha boksi, vaa koti la damu ya mzee. Sketi yake nimekwisha kuipiga pasi, na safari hii nitaivaa mimi. Shemeji, kabla hamjatoka, atageuka mlangoni, hawezi kujizuia. Simama nyuma yake. Nyoosha kola, toa uzi, vuta pindo. Usiniletee mtu ambaye hajakaguliwa.

Tarehe kumi, bandeji ikishikwa, msiseme kitu. Nataka niijue rangi hiyo mwenyewe.

Dada yenu